Shajara ya mradi: mizunguko ya obiti katika matabaka ya chokaa

Ingizo la 1: Kinachojengwa

Mradi unaandaa mnyororo mmoja wa uchambuzi. Unapokea vipimo vya mwamba vilivyopangwa kwa mita kutoka chini hadi juu ya jabali, na unajibu swali moja: kupishana kwa matabaka ya chokaa na ya mfinyanzi kuna mkono wa obiti ya Dunia, au ni kelele iliyojipanga kwa bahati? Kila hatua inajaribiwa kwanza kwa data bandia ambayo jibu lake tunalijua. Mwamba haumbishii mtu. Anayeutafuta mzunguko wa miaka 100,000 kwa bidii ataupata hata pale usipokuwepo.

Vipindi vinavyolengwa vinatokana na masafa machache ya mfumo wa jua (kasi za kujirudia, si umbali), yanayoandikwa kwa sekunde za pembe kwa mwaka. Presesheni, yaani kuyumba kwa mhimili wa Dunia kama pia inayoelekea kulala, leo ina kasi ya 50.48, tunaiita k. Obiti za sayari nazo hujizungusha polepole: g2 (ya Zuhura) ni 7.452, g3 (ya Dunia) ni 17.368, g4 (ya Mirihi) ni 17.916 na g5 (ya Mshtarii) ni 4.257. Duara zima lina sekunde za pembe 1,296,000. Zigawe kwa masafa, unapata kipindi kwa miaka.

Presesheni inayogusa tabianchi ni k jumlisha g. Hivyo k+g5 hutoa miaka 23,700 hivi, k+g2 hutoa 22,400, k+g3 hutoa 19,100 na k+g4 hutoa 18,950. Mwinamo wa mhimili hupatikana kwa k jumlisha s3 (kasi ya kuyumba kwa bapa la obiti ya Dunia, −18.85), karibu miaka 41,000. Uduaradufu wa obiti ni tofauti za g zenyewe: g2−g5 ni miaka 405,600, g4−g5 ni 94,900, g3−g5 ni 98,800, g4−g2 ni 123,900 na g3−g2 ni 130,700.

Uduaradufu hauna k ndani yake. Mwezi unapoivuta Dunia na kuipunguzia kasi ya kujizungusha, vipindi vya presesheni na mwinamo hubadilika, lakini ule wa miaka 405,000 haubadiliki kwa sababu hiyo. Ni zao la Zuhura na Mshtarii, na uzito wa Mshtarii ndio unaoutuliza. Nanga ya mnyororo wote ni huo.

Ingizo la 2: Kanuni za kupima jabalini

Kipande cha mfano kina mita 40, sampuli moja kila sm 5, jumla pointi 801. Kwa kasi ya kulimbikizana ya sm 2 kwa miaka elfu, mzunguko wa 405 (yaani miaka elfu 405, na mingine vivyo hivyo) unachukua m 8.1, wa 124 m 2.48, wa 95 m 1.9, mwinamo sm 82, na presesheni sm 38 hadi 47. Kila wimbi la presesheni linapata pointi saba hadi tisa. Kinadharia pointi mbili kwa wimbi zinatosha. Kwa vitendo, chini ya sita kelele ya kipimo hula wimbi, na sampuli moja iliyoangukia kwenye mshipa wa kalsiti hugeuza tabaka la mfinyanzi kuwa chokaa. Penye matabaka yasiyofika sm 10, hatua inashuka hadi sm 3.

Unene unapimwa kwa fimbo ya m 1.5 yenye kipima mteremko. Kosa kubwa hutokea pale unene unapokokotolewa kutokana na umbali wa mlalo, kwa sababu unene ni umbali huo mara sine ya mteremko wa tabaka. Tabaka linaloteremka kwa digrii 10 likasomwa 12, unene unaongezeka kwa asilimia 20. Likiwa la digrii 60 likasomwa 62, kosa ni asilimia 2 tu. Kwa hiyo mahali palipolala karibu sawa tunakataa hesabu ya mlalo na kupanda kwa fimbo, hata kama ni kazi ndefu zaidi.

Uso wa mwamba unakwanguliwa hadi rangi isiyo na kutu. Pairiti ikishaoza kwa hewa na maji, chuma chake hubadilisha usumakikaji, na kipimo kinaeleza mvua za juzi badala ya bahari ya kale. Kwa mashine ya eksirei sampuli husagwa, hukaushwa na kukandamizwa iwe tambarare. Elementi nyepesi kama alumini hupoteza mionzi yake hewani, kwa hiyo zinapimwa penye heliamu au ombwe.

Hatutumii asilimia ya kalsiamu peke yake. Elementi zote zinagawana jumla moja, ikipanda hii nyingine hushuka bila sababu yoyote ya tabianchi. Tunatumia logi ya titani kwa kalsiamu.

Kanuni ambayo wengi huiruka: sampuli zinapimwa maabara kwa mpangilio uliochanganywa, si kwa mfuatano wa jabali. Mashine ikiteleza taratibu kutwa nzima, mpangilio wa jabali hugeuza mtelezo huo kuwa mzunguko mrefu wa mita kadhaa. Mpangilio uliochanganywa huufanya uwe kelele ya kawaida. Sampuli sanifu inarudiwa kila baada ya 20.

Kuna na tatizo la kemia ya baada ya kuzikwa. Chokaa inaweza kuyeyuka kwenye tabaka la mfinyanzi na kuganda kwenye tabaka jirani, ikazaa mistari ya kupendeza isiyo na uhusiano wowote na Jua. Titani na alumini hazisafiri kirahisi namna hiyo. Uwiano wao ukipanda na kushuka pamoja na matabaka, kilichobadilika ni mashapo yenyewe yaliyoingia baharini. Ukiwa uleule kwenye chokaa na kwenye mfinyanzi, kipande kinawekwa alama ya shaka na hakiendi hatua ya 4 (ya Ingizo la 4) bila kipimo cha pili.

Ingizo la 3: Mifululizo bandia

Ipo minne. A ina presesheni ya vipindi vinne, mwinamo kidogo, na kelele nyekundu (kila pointi hurithi 0.9 ya iliyotangulia), kasi ikiwa sm 2 bila kubadilika. B ni A yenye kasi inayopanda kutoka sm 1.5 hadi 2.5. C ni A iliyokatwa miaka 60,000 katikati. D ni kelele tupu.

D ndiyo muhimu kuliko zote. Hatua yoyote inayoipitisha D inarudishwa kufanyiwa kazi upya.

Uamuzi mmoja wa fizikia uliingizwa kwenye A: thamani za chini ya sifuri zinakatwa kabla ya kuongeza kelele. Uduaradufu wenyewe hubadilisha joto la mwaka mzima la Dunia kwa takriban asilimia 0.2 tu, kiasi kidogo mno. Kazi yake kubwa ni kukuza au kupunguza vimo vya presesheni. Ili mzunguko wa miaka 100,000 uonekane wenyewe kwenye mashapo, lazima kitu fulani kiitikie upande mmoja zaidi ya mwingine, mfano mto unaoleta tope wakati wa mvua nyingi lakini hauwezi kuleta chini ya sifuri wakati wa ukame. Bila ukataji huo, A haina nguvu yoyote kwenye miaka 95,000 wala 405,000, na jaribio zima lingekuwa la mwamba ambao haupo duniani.

Minyoo nayo imeingizwa. Kwenye sakafu za bahari za leo tope la juu huchanganywa kwa wastani wa karibu sm 10. Kwa kasi ya sm 2 huo ni mchanganyiko wa miaka 5,000, presesheni inapungua kimo kidogo. Kwa kasi ya nusu sentimita ni miaka 20,000, na presesheni inakaribia kufutika huku 405 ikibaki. (Tope likishindiliwa baadaye linakuwa jembamba zaidi, lakini muda uliochanganywa haubadiliki.)

Ingizo la 4: Spektra, na vilele vya bure

Spektra huonyesha mawimbi ya urefu gani yana nguvu katika mfululizo. Mbinu ni ya madirisha mengi ya David Thomson ya mwaka 1982. Kinachoamuliwa mapema ni upana. Kwa mita 40, madirisha ya 2π yana nusu-upana wa mizunguko 0.05 kwa mita, upana mzima 0.10. Uduaradufu wa 95 uko 0.526 na wa 124 uko 0.403, tofauti ni 0.123, vinatengana kwa shida. Kwa 3π upana mzima ni 0.15 na viwili hivyo vinakuwa kilima kimoja. Tumebaki na 2π. Kutenganisha 95 na 99 hakuwezekani kwa urefu huu, dirisha lolote utakalochagua. Mita 40 hazitoshi.

Kabla ya spektra mwelekeo mrefu unaondolewa. Hapa dirisha la kulainisha lisiwe chini ya m 16, mara mbili ya mzunguko wa 405. Dirisha la m 6 linaondoa nanga yetu na kuacha mabaki yanayofanana na mzunguko wa urefu wa dirisha lenyewe.

Sasa tatizo la D. Pointi 801 zina masafa huru 400. Mstari wa uhakika wa asilimia 95 maana yake masafa 20 yatauvuka kwa bahati tu, kwenye kelele tupu. Kwa vilele 20 vilivyotawanyika, asiyepata 405, 100, 41 na 21 hajajitahidi. Hata mstari wa 99 unaacha vinne.

Marekebisho mawili yamewekwa. Kwanza, eneo la kutafuta limefungwa mapema kuwa kati ya 0 na 3 kwa mita, ambako masafa huru ni 120. Pili, kiwango kinagawanywa kwa idadi hiyo: 0.05 kwa 120 ni 0.0004, yaani mstari wa 99.96. Kelele ya msingi nayo inakadiriwa kwa uangalifu. Njia ya kulainisha spektra kwa medianai, inayotumiwa sana tangu 1996, huweza kuushusha mstari upande wa masafa madogo, na mizunguko mirefu hupita kiulaini kuliko inavyostahili.

Kwa mstari huo mkali A inapoteza baadhi ya vilele vya kweli. Hilo limekubaliwa. Spektra katika mnyororo huu ni chujio la kwanza tu. Kilele kimoja, hata kirefu namna gani, hakihesabiwi kuwa ushahidi wa obiti. Kinachoangaliwa ni uwiano wa vilele kati yao, takriban 20:5:2:1 kwa 405, 100, 41 na 21, kisha hatua ya 6.

Ingizo la 5: Kasi isiyotulia

B imethibitisha kilichotarajiwa kwa hesabu. Kasi ikienda kutoka 1.5 hadi 2.5, wimbi la 23,700 linatanuka kutoka sm 36 hadi 59. Wimbi la 19,000 linaenda kutoka sm 28 hadi 48. Sm 47 inaweza kuwa presesheni ndefu kwa kasi ya 2 au fupi kwa kasi ya 2.5, na mwinamo wa chini ya jabali (sm 62) unakaribia kugusa presesheni ya juu yake. Spektra ya kipande kizima ni tandiko la vilima butu.

Suluhisho ni dirisha linalosogea: m 12 kwa wakati mmoja, likisonga m 0.5. Halitenganishi vizuri, lakini linaonyesha mstari wa presesheni ukipinda pamoja na mstari wa mwinamo. Vyote vikipinda kwa uwiano uleule, ni kasi. Mmoja ukipinda peke yake, mmoja wapo si wa obiti.

Tope la maporomoko ya chini ya maji huondolewa kabla ya yote. Tabaka la sm 20 lililotua kwa saa chache linahesabiwa na mnyororo kuwa miaka 10,000, karibu nusu ya presesheni. Dalili zake ni chembe kubwa chini na ndogo juu, na tako lililokwangua tabaka la chini yake.

Ingizo la 6: Vimo vya presesheni

Hili ndilo jaribio lenye uzito. Njia ni TimeOpt ya Stephen Meyers ya mwaka 2015, iliyomo kwenye kifurushi cha astrochron cha lugha ya kompyuta ya R. Kwa kila kasi inayowezekana, mita zinageuzwa miaka, presesheni inachujwa, vimo vyake vinafuatiliwa, kisha vinalinganishwa na vipindi vitano vya uduaradufu. Wakati huohuo mfululizo mzima unalinganishwa na vipindi vyote vinavyolengwa. Alama mbili zinazidishwa, na kasi yenye zao kubwa kuliko zote inachukuliwa.

Mipaka ya kasi inatokana na data. Chini: presesheni ya miaka 19,000 lazima izidi sm 10, kwa hiyo kasi isishuke chini ya sm 0.53. Juu: angalau mzunguko mmoja wa 405 uenee ndani ya m 40, kwa hiyo isizidi sm 9.9.

Kichujio ndicho kinachoharibu kazi kwa wengi. Mzunguko wa 95 katika vimo ni mpigo kati ya wimbi la 23,700 na la 18,950. Kichujio chembamba kilichokaa juu ya 23,700 na 22,400 pekee kinaacha mpigo wa 405 tu, na 95 inapotea hata kama mwamba unayo. Kibaya zaidi, kichujio chembamba kikipita kwenye kelele hutoa mawimbi yanayovimba na kunywea yenyewe, na D inaanza kupendeza. Tumeweka mipaka mipana: 0.035 hadi 0.065 kwa miaka elfu, sawa na vipindi vya 28,600 hadi 15,400.

Mtego wa pili ni kupanga data kwa presesheni kwanza, halafu kutafuta uduaradufu kwenye vimo. Kila wimbi likishavutwa likae mahali pa wimbi la kinadharia, sehemu ya umbo la nadharia imeshachapwa ndani ya data, na jaribio linajipongeza. Katika mnyororo huu kupanga kunaruhusiwa kwa 405 peke yake.

Uwezekano wa bahati unapimwa kwa kelele 2,000 zenye urithi uleule wa data, kila moja ikipewa nafasi ya kuchagua kasi yake bora. Wasiowapa kelele nafasi hiyo hupata tarakimu nzuri isiyo na maana.

Ingizo la 7: Pengo au kupungua kwa kasi

C ilitusumbua kwa muda. Ukiondoa miaka 60,000, fungu la 405 linabaki na 345,000, m 6.9 badala ya 8.1. Kasi ikishuka hadi sm 1.7 kwa fungu hilo moja, unene ni m 6.9 vilevile. Unene hauwezi kuamua.

Idadi inaamua. Presesheni ya wastani wa miaka 21,000 na ushei huingia takriban mara 19 katika 405,000. Kasi ikipungua, fungu ni jembamba lakini mapigo ni 19. Pengo likiwepo, mapigo ni 16. Kwa hiyo mnyororo sasa unatoa safu mbili kwa kila fungu, unene na idadi ya mapigo, na fungu lenye chini ya 17 linarudishwa jabalini kukaguliwa dalili za pengo: uso mgumu uliotobolewa na wanyama, madini ya glaukonaiti, fosfeti. Pengo linalolingana na kipindi kizima cha presesheni ndilo gumu kuonekana, kwa sababu mawimbi yanaunganika upya bila mshono. Hapo ni kuhesabu tu.

Kuhesabu huku si kugeni. Grove Karl Gilbert alipendekeza mwaka 1895 kwamba kupishana kwa chokaa na mfinyanzi wa Kretasia (miaka milioni 145 hadi 66 iliyopita) huko Colorado kulifuata presesheni, akatumia matabaka hayo kukadiria muda, miaka 81 kabla Hays, Imbrie na Shackleton hawajaonyesha vipindi vya obiti katika tope la bahari mwaka 1976.

Ingizo la 8: Majivu ya volkano

Kipimo huru cha kasi ni zikoni kutoka kwenye majivu, fuwele ndogo ambazo umri wake husomwa kwa urani inayooza kuwa risasi. Maabara bora hutoa kosa la asilimia 0.05 hadi 0.1. Kwa mwamba wa miaka milioni 90, 0.1 ni miaka 90,000: inatosha kutaja fungu la 405, haitoshi kutaja presesheni. Anayesema majivu yamethibitisha presesheni yake moja moja anasema kisichowezekana.

Majivu mawili yana thamani kuliko moja. Yakitengana m 20 kwa kasi ya sm 2, muda kati yake ni miaka milioni 1. Kila moja likiwa na kosa la 45,000, kosa la tofauti ni kama 64,000, yaani asilimia 6.4 ya kasi. Makosa ya pamoja, kama ya kiwango cha kuoza kwa urani, yanafutana kwa sehemu kubwa yakipimwa kwenye maabara moja.

Mfano uliofuatwa ni wa bonde la Newark, Marekani, lenye mashapo ya maziwa ya Triasi. Mwaka 2018 Dennis Kent, Paul Olsen na wenzao waliunganisha mizunguko yake, kwa kugeuka kwa uga-sumaku wa Dunia, na zikoni za matabaka ya Petrified Forest huko Arizona, wakaonyesha mzunguko wa 405 umetulia kwa angalau miaka milioni 215. Nguvu ya kazi hiyo iko kwenye mnyororo: majivu hayapo mahali mizunguko ilipo, na uga-sumaku ndio daraja.

Ingizo la 9: Jedwali la malengo kwa miamba ya kale sana

Msimbo ulikuwa unatumia k ya leo kwa umri wowote. Kwa Kretasia kosa ni dogo. Kwa Prekambri halivumiliki. Jaribio limefanywa na tabaka la Joffre, miamba ya chuma ya Australia Magharibi yenye umri wa miaka bilioni 2.46. Margriet Lantink na wenzake walikadiria mwaka 2022 kwamba k yake ilikuwa 108.6 ± 8.5, Mwezi ukiwa kilomita 321,800 kutoka Duniani na siku ikiwa na saa 16.9.

Kwa k hiyo na g za leo, k+g5 inatoa miaka 11,500, k+g2 11,200, na k+g4 10,200. Uwiano wa 405 kwa presesheni unaruka kutoka karibu 19 hadi karibu 37. Mnyororo wenye malengo ya leo ungeitazama presesheni ya Joffre, ukakosa mahali pa kuiweka, na kuchagua kasi karibu nusu ya ile halisi ili 11,500 ifanane na 22,400.

Kwa hiyo k sasa ni kigezo kinachotafutwa pamoja na kasi, si tarakimu iliyofungwa, kwa mwamba wowote uliozidi miaka milioni 500. Mipaka ya kichujio cha hatua ya 6 inahama nayo: kwa k ya 108.6 ni 0.072 hadi 0.115 kwa miaka elfu, na hatua ya sampuli inapaswa kupungua kwa nusu. Kinachosubiri ni kuipitisha D upya kwenye mpangilio huu, kwani kigezo cha ziada kinaipa kelele uhuru zaidi wa kujifananisha, na kiwango cha kukataa lazima kipande nacho.